Kirusi cha Koo Mbili

Sungura wa mama walikufa Alhamisi moja asubuhi. Walikuwa kumi na wanne. Nilipopanda juu ya paa kuanua nguo kabla ya kwenda kazini niliwakuta kumi na mmoja wamelala ubavu, shingo zimepinda nyuma, damu imekauka puani. Mmoja alikuwa bado na jani mdomoni. Watatu waliobaki walikaa wametulia kama kawaida, nikadhani wamenusurika. Kufikia saa sita mchana nao walikuwa wamekwisha, wa mwisho akitoa mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia kwa sungura.

Nyumba yetu iko mtaa wa Umoja. Marehemu baba aliinunua ikiwa na vyumba viwili, akaongeza mbele, kisha akapandisha ghorofa, kama walivyofanya majirani. Juu kabisa palibaki sakafu ya saruji, na hapo ndipo lilipo tangi la maji, kamba za nguo na, siku zile, vizimba vya sungura. Mama alianza kuwafuga mwaka ule baba alipofariki. Alikuwa ameshona sare za shule miaka mingi kwa cherehani ya kukanyaga hadi macho yakamshinda. Sungura hawakuhitaji macho makali. Alimjua kila mmoja kwa uzito wake akimbeba.

Vizimba vilitengenezwa na jirani yetu, seremala, mzee mjane kutoka Murang'a anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama, ambaye kwao ni Vihiga, alimwita Fundi. Yeye alimwita Mama Daktari, ingawa mimi si daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya mifugo. Napima damu, ini na vinyesi vya wanyama. Lakini mtaani kwetu mtu akivaa koti jeupe kazini basi ni daktari. Fundi naye alifuga sungura uani kwake, zaidi kwa ajili ya mkojo, ambao aliukinga kwa mabati yaliyoinamishwa chini ya vizimba, akaujaza madumu na kuwauzia wakulima wanaonyunyizia mboga. Kwa miaka kumi na miwili wawili hao walikuwa wakiazimana madume. Fundi asipoonekana siku mbili, mama alinituma nikaangalie kama anaumwa.

Asubuhi ile mama alisimama mbele ya vizimba, leso ameikunja mkononi.

"Jana walikula nini?" aliniuliza, ingawa ndiye aliyewalisha.

"Majani aliyoleta Fundi."

"Aliyakata wapi?"

"Komarock, kando ya Kangundo Road. Pale pale anapokata siku zote."

"Na wake wakoje?"

Niliteremka hadi kwa Fundi. Alikuwa anapiga randa ubao. Sungura wake wote walikuwa wazima, wanatafuna majani ya gunia lile lile. Nilimweleza yaliyotupata. Akaweka randa chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akataka kuja papo hapo. Nikamwambia asije, asiguse kitu chetu chochote, nitamweleza baadaye. Nilisema hivyo kwa ajili ya sungura wake, lakini nilivyosema ilikuwa kama namfukuza, na niliona jinsi uso wake ulivyobadilika.

Niliporudi nikamwambia mama: wake ni wazima. Nikaishia hapo.

Niliishia hapo kwa sababu nilikuwa nimeshajua kilichowaua wetu na, karibu kwa hakika, nani alikileta. Jumatatu ya wiki ile mimi na mkuu wangu, daktari wa mifugo, tulikuwa tumekwenda Mukuru kwa Reuben. Mwanamke mmoja anayefanya kibarua katika kiwanda cha plastiki alikuwa amepoteza sungura wake wote kwa siku mbili. Alikuwa akiwafuga kwenye kreti za soda zilizopangwa nyuma ya chumba chake.

"Jana jioni walikuwa sawa kabisa, wamekula vizuri," alituambia. "Nimeamka nikapata wamelala tu. Hakuna hata mmoja ameniaga."

Mkuu wangu alimpasua mmoja pale pale juu ya karatasi ya nailoni. Ini lilikuwa limepauka na kulegea, mapafu yana madoa ya damu. Akalitaja jina la ugonjwa kwa sauti ya chini: ugonjwa wa kutokwa na damu wa sungura. Kirusi chake hakimdhuru mtu, lakini kikiingia kwenye vizimba hakibakizi wengi, na aina mpya inaua hata vitoto vichanga ambavyo ile ya zamani ilikuwa ikiviacha.

Gambuti zangu zilikuwa zimepasuka soli wiki kadhaa kabla, nami sikuwa nimeomba nyingine. Nilikwenda Mukuru na raba zangu za kawaida, juu yake nimevaa vifuniko vya plastiki, na vifuniko vikachanika kwenye tope kabla hatujafika. Tuliporudi kwenye gari hakukuwa na maji. Nikazimwagia raba kitakasa mikono, nikazipangusa kwa karatasi. Kitakasa hakikiwezi kirusi hicho. Kinachokiweza ni klorini. Nilifundishwa hivyo chuoni, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine. Jioni nilipoingia nyumbani mama aliniita kutoka juu nimsaidie kumshika jike aliyekaribia kuzaa. Nikapanda na raba zile zile, nikasimama katikati ya vizimba, nikamshika.

Kwa hiyo Alhamisi nilipowakuta wamekufa nilitazama kwanza miguu yangu.

Nilijiambia tungoje matokeo ya maabara. Yalikuwa maneno ya kitaalamu na yalinifaa. Nilichukua sungura watatu kwenye sanduku la barafu, wengine nikawatia kwenye mifuko ili wateketezwe kazini, nikamwagia sakafu na vizimba klorini. Mkuu wangu aliponiona naingia na sanduku aliuliza ni wa nani.

"Wa mama."

Alilipokea sanduku mkononi mwangu. "Jumatatu ulioga kabla ya kwenda nyumbani?"

"Nilioga," nikasema. Ilikuwa kweli. Nilioga bafu la kazini na kubadilisha nguo. Kuhusu viatu hakuniuliza, wala mimi sikumweleza.

Kipimo kilithibitisha. Nilimwambia mama ni kirusi, si sumu, nikitumaini kwamba neno hilo litamwondolea Fundi lawama. Halikumwondolea. Mama aliuliza swali ambalo mwanafunzi wangu yeyote angeuliza.

"Na kirusi kinaweza kuja na majani?"

"Kinaweza."

"Basi ni yale yale."

"Lakini wake walikula majani hayo hayo, mama."

"Ndiyo maana nasema alijua. Ametuletea ya juu, yake akatoa chini ya gunia. Hawa watu huwajui wewe."

Hawa watu. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumsikia akimwita Fundi kwa neno hilo. Mke wa Fundi alipofariki, mama ndiye aliyesimamia jiko siku zote za matanga. Mtu wa Eastlands, mitaa yetu hii ya makabila mengi, anajua neno hilo linatokea wapi na limewahi kutufikisha wapi wakati wa uchaguzi. Nilikuwa na uwezo wa kulikatiza kwa sentensi moja. Niliosha vikombe.

Wiki iliyofuata maneno yalikuwa yameshafika kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, na kutoka hapo hayakuhitaji kusukumwa. Wawili waliokuwa wamemwagiza Fundi vizimba waliacha kumpigia simu. Mama alipokutana naye dukani alijifanya anachagua nyanya mpaka Fundi akaondoka. Fundi alijaribu kumsalimu mara mbili, kisha akaacha, akawa anapita upande wa pili wa barabara ili asimpe mama shida ya kugeuza uso.

Mkuu wangu aliamua tusome jeni zote za kirusi hicho, cha Mukuru na cha kwetu, herufi kwa herufi. Sampuli zingepelekwa penye mashine ya kazi hiyo, na majibu yangechukua wiki. Akataka pia kinyesi cha sungura walio jirani ambao hawakufa. Hakukuwa na wengine ila wa Fundi.

Nilikwenda kwake Jumamosi mchana. Hakunikaribisha kiti, lakini hakunifungia mlango.

"Mnataka nini kwa sungura wangu?" aliuliza.

"Kujua kama wana kirusi."

"Na wakiwa nacho, itasemwa nimewaua wa mama yako?"

"Haitasemwa."

"Imeshasemwa," alijibu. Alinitazama nikiokota vinyesi kwa koleo na kuvitia kwenye vichupa. Nilipomaliza akaongeza, bila hasira, "Chukua na damu yao ukitaka. Mimi sina cha kuficha."

Nilisema asante, nikatoka upesi.

Majibu yalifika wiki sita baada ya sungura wetu kufa. Mkuu wangu aliniita kwenye kompyuta, na kabla sijakaa nilijua ameona kitu kilichomfurahisha, kwa sababu alikuwa amesahau chai yake. Alikuwa amechora mti wa ukoo wa kirusi chetu, ule mchoro wa matawi unaoonyesha kirusi gani ni jamaa ya kipi. Kwanza aliuchora kwa kutumia nusu ya mbele ya jeni. Kirusi chetu kikaangukia tawi la virusi vya upole, vile vinavyoishi matumboni mwa sungura na visimuue hata mmoja. Kisha akauchora upya kwa nusu ya nyuma, sehemu inayobeba maagizo ya kutengeneza ganda lake. Kirusi kile kile kikaruka kwenda tawi jingine kabisa, katikati ya wauaji.

"Miti miwili, kirusi kimoja," alisema. "Kina koo mbili."

Nilikuwa nimesoma kuhusu jambo hilo, lakini sikuwahi kuliona kwa kitu nilichokikusanya kwa mikono yangu. Sungura mmoja, mahali fulani, aliambukizwa virusi viwili kwa wakati mmoja, cha upole na cha kuua, vikaingia ndani ya seli moja. Kirusi cha namna hii kinajinakili kwa kimeng'enya kinachopita juu ya uzi wa jeni kikiandika nakala yake. Safari hii kimeng'enya kilipofika katikati kiliacha uzi wa kwanza, kikaendelea kuandika juu ya uzi wa pili. Mara nyingi kinachozaliwa hivyo ni takataka. Mara moja moja kinazaliwa kitu kinachoishi, na kinachowashinda wazazi wake kusambaa.

"Na sungura wa Fundi?" niliuliza.

"Sungura wake wanacho kirusi, cha upole. Ni jamaa wa mbali wa hii nusu ya mbele, si mzazi wake. Hakikutengenezwa uani kwake. Kimeungwa zamani kidogo, huenda si hata nchi hii. Sisi kimetufikia kikiwa tayari."

"Mbona wake hawakufa?"

"Huenda hicho cha upole kimewapa kinga kidogo. Huenda ni bahati, hakikuwafikia. Sitaandika nisichokijua."

Nilibakiwa na swali moja, na nililiuliza nikijua jibu. "Cha Mukuru na cha kwetu?"

"Ni kimoja. Kiungo kiko mahali pale pale. Vimetofautiana herufi mbili tu." Alikuwa mtu mwenye akili, na nadhani herufi hizo mbili alikuwa ameshazifikiria kabla sijaingia. "Siku ile ulivaa viatu gani?"

Nikamwambia.

Hakunigombeza. Alisema ripoti itaandikwa kama ilivyo, na viatu vitakuwemo, kwa jina la maabara na langu. Kisha akasema, "Mwambie mama yako leo. Asije akasikia kwa mtu mwingine."

Nilimkuta mama jikoni anachambua mboga ya mrenda. Nilianza na kirusi, kwa sababu kilikuwa rahisi kuliko mimi. Nilimweleza ile habari ya nusu mbili. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wengi.

"Kama gauni," alisema. "Juu kitambaa hiki, sketi kitambaa kingine."

"Ndiyo, mama."

"Na nani alikiunga?"

"Hakuna mtu. Kinatokea chenyewe wakati wa kujinakili. Mara nyingi hakifai kitu. Hiki kilifaa."

"Kilimfaa nani?"

"Kilijifaa chenyewe."

Aliguna, akaendelea kuchambua. Ndipo nikamwambia habari ya Mukuru, gambuti, kitakasa, na jioni ile nilipomshikia jike. Nilimwambia kwamba mahali pa kiungo ni pale pale kwa sungura wa Mukuru na kwa wetu, kwa hiyo hakuna njia ya kusema kilitoka Komarock. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Hapo mikono yake ilisimama.

"Wiki sita," alisema. "Umekaa mezani kwangu wiki sita ukinisikia namsema mtu."

"Ndiyo."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Nilifikiri kidogo, kwa sababu alistahili jibu la kweli. "Niliogopa kazi. Kisha ulipoanza kusema, nikakuogopa wewe."

Alinawa mikono, akajifunga leso, akatafuta viatu vyake chini ya meza. "Viatu ni vyako," alisema, "lakini mdomo ulikuwa wangu. Twende."

Fundi alikuwa anapigilia mlango wa kabati. Mama hakungoja kukaribishwa. Alisema yote akiwa amesimama, kwa sauti ile ile aliyotumia kumsema, ili majirani waliomsikia kule wamsikie na hapa. Alisema kirusi kimeletwa na binti yake kutoka Mukuru, kwa viatu, na kwamba yeye amemchafulia mtu jina bila sababu. Kisha akasema, "Naomba msamaha, Fundi." Mimi nikaomba wangu baada yake.

Fundi aliuliza kwanza kuhusu sungura wake. Nilimweleza kwamba wana kirusi cha upole, kwamba wenyewe hakiwasumbui, lakini kile kingine kikiingia kwake, viwili vinaweza kukutana ndani ya sungura mmoja na kutoa kitu ambacho hakuna anayeweza kukitabiri.

"Kwa hiyo msiniletee sungura, na mimi nisiwaletee," alisema.

"Ndiyo. Na majani pia."

"Sawa." Alitoa misumari aliyokuwa ameibana midomoni, akaiweka mezani, akamgeukia mama. "Mama Daktari, mimi ningekuwa nimepoteza sungura kumi na wanne ningeweza kusema hata zaidi yako. Hasara inatia mtu wazimu. Lakini mimi niko mlango wa tatu. Hukuja kuniuliza."

"Sikuja," mama alisema.

"Basi hilo ndilo." Akaingia ndani. Tulidhani ametuacha. Akarudi na viti viwili.

Jumatano iliyofuata mama alisimama kwenye kikundi cha akina mama akarudia maneno yale yale, mimi nikiwa kando yake. Ilikuwa vigumu kwake kuliko pale kwa Fundi, maana wapo waliotaka kuendelea kuamini ya kwanza. Mmoja wa wale wawili alirudi kuchukua kizimba chake. Wa pili hakurudi, na hadi leo akimwona Fundi hushika njia nyingine. Uongo tulioutoa sisi aliuunganisha na mambo yake ya zamani, na hatukuweza tena kuurudisha.

Kazini nilipewa barua ya onyo, na maabara ikanunua gambuti za kila mtu pamoja na karai la klorini linalokaa ndani ya gari. Nilirudi Mukuru kumweleza yule mwanamke matokeo. Nilichelewa. Baada ya mwezi mmoja alikuwa amenunua sungura wapya akawaweka kwenye kreti zile zile, na wote walikuwa wamekufa. Kirusi hicho hukaa miezi mahali pasiposafishwa. Tuliondoka kwake siku ile na maini ya sungura wake, bila kumwambia neno lolote la maana kuhusu kreti.

"Mngenipigia tu simu," aliniambia. Alikuwa na haki. Tulizichoma kreti pamoja nyuma ya nyumba, kisha nikamwonyesha jinsi ya kupima klorini kwa kifuniko cha chupa. Sasa anafuga kuku.

Mama hakufuga sungura tena. Anasema mikono yake imeshazoea kukaa bure, na mimi simshurutishi. Jumamosi huenda kwa Fundi kunywa chai, wanazungumza habari za vijana wao na za mashamba ambayo wote wawili wameyaacha kwa ndugu. Mwanzoni walikuwa wakikaa kimya kwa muda mrefu. Siku hizi wanakaa kimya kidogo.

Mimi nimeendelea kuwapima sungura wa Fundi kila baada ya miezi mitatu, kwa ruhusa yake. Kile kirusi chao cha upole kinabadilika polepole, herufi moja hapa, nyingine pale, kama virusi vyote vinavyojinakili kwa haraka. Cha kuua hakijaonekana uani kwake. Mkuu wangu anasema hilo halimaanishi hakitakuja. Sungura wanauzwa kila siku kutoka mtaa hadi mtaa ndani ya maboksi, na hakuna anayewapima. Nikipeleka majibu Fundi huyasoma mwenyewe, akiwa amevaa miwani ya kazi, mstari kwa mstari. Akimaliza huikunja karatasi, huitia kwenye droo ya misumari, na kuniuliza kama nimekula.